Re: Kwa nini 911 mbili za mwaka mmoja zinapishana bei?

Mkuu, umesema gari zote mbili za Porsche 911 ni za 1973 na zote zinang'aa, ila bei ni mbingu na ardhi. Kwanza hakikisha kama ile ghali ni Carrera RS 2.7 (toleo maalum la 911 lenye injini ya lita 2.7), hizo zilitengenezwa kama 1,580 tu, ndiyo maana zinagombaniwa. Halafu inama usome namba ya injini. Ikiwa ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, bei inapanda sana. Rangi mpya? Mimi hunitia shaka, mara nyingi imefunika kutu. Bora ya zamani yenye mikwaruzo, pamoja na faili la risiti za matengenezo. Kilomita chache bila karatasi usizihesabu, mita hurudishwa nyuma.