Noah yangu inapoteza breki nikishuka Lushoto: niweke diski kubwa?

SWALI: Fundi, shikamoo. Naendesha Noah ya zamani, injini 3S, gia otomatiki. Mara tatu kwa wiki napakia kabichi na hoho Lushoto na kuteremka nazo hadi Mombo. Siku hizi nikishapita Soni, pedali ya breki inaanza kuzama, harufu ya kuungua inaingia ndani, na nikikanyaga breki usukani unatetemeka. Nikipaki kama nusu saa, pedali inarudi kama kawaida. Kupanda nako gari limekuwa zito, halivuti kama zamani. Fundi wa hapa kanishauri nifunge diski kubwa zenye matundu, nivae rimu za inchi 17 na tairi pana ili gari lishike barabara, halafu niweke chipu ya kuongeza nguvu ya injini. Nina milioni moja na nusu. Nianze na lipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya lolote, mzigo wako unaofuata usishuke na gari hilo. Mwombe mwenzako akubebee mpaka tumalize kazi hii. Dereva akishaona pedali inazama kwenye mteremko, ameshapewa onyo, na kona za pale hazina nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Pedali inayozama breki zikipata moto, kisha ikarudi yenyewe zikipoa, kwa kawaida maana yake ni moja: mafuta ya breki yamechemka. Unapokanyaga pedali, mafuta ndiyo yanayosukuma pistoni iliyo kwenye kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu wako inafika hadi kwenye gurudumu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama mpira uliojaa upepo. Unakanyaga, unaubonyeza mvuke, gari linaendelea kwenda. Yakipoa, mvuke unageuka tena kuwa mafuta, pedali inasimama, nawe unadhani mambo yamekwisha.

Mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani, taratibu, hata gari likiwa limepaki. DOT ni daraja la mafuta ya breki: mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishakunywa unyevu, kiwango chake cha chini kinashuka hadi 140. Ya DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na unyevu. Mbali na kina chake kwenye chupa, niambie lini yalibadilishwa yote. Madereva wengi ninaowauliza wananijibu, "Huwa naongezea tu." Kuongezea hakuondoi maji yaliyokwisha kuingia. Yanatakiwa kutolewa yote kila baada ya miaka miwili, na kwa njia yako mimi ningesema kila mwaka.

Sasa tazama joto linatoka wapi. Kutoka Lushoto mpaka Mombo unashuka takribani mita 1,000. Gari lako na mzigo tuseme ni kilo 2,000. Uzito huo ukishuka urefu huo unaachia nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji ya baridi, ndoo mbili na nusu za lita 20. Sehemu yake inachukuliwa na upepo, sehemu inaweza kuchukuliwa na injini ukiiruhusu, na yote inayobaki inaishia kwenye diski mbili za mbele na ngoma mbili za nyuma.

Lakini gari la aina hiyo likiwa zima linashuka pale bila shida. Lako lina joto la ziada, na jibu umeliandika mwenyewe bila kujua: kupanda nako limekuwa zito. Gari linalochoka kupanda na kuchemsha breki kushuka, mimi namshuku mtu mmoja kwanza, kalipa iliyokwama. Pedi haziachii diski. Unapanda mlima huku breki zimekamata, injini inalaumiwa. Unafika kileleni breki tayari za moto, ndipo unaanza kushuka.

Usichukue neno langu, pima. Endesha kilomita kumi za tambarare ukigusa breki kwa uchache, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Kulia na kushoto zinatakiwa kufanana. Inayofukuta kuliko mwenzake ndiyo yenye maneno. Baadaye piga jeki, weka stendi (usiingize mkono kwenye gari lililoshikiliwa na jeki peke yake), kanyaga breki, achia, zungusha gurudumu la mbele kwa mkono. Kama Noah yako si 4WD, yaani inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ya mbele yanatakiwa kuzunguka kwa urahisi, na mkwaruzo mdogo tu. Likiwa zito, fundi alegeze kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa hiyo. Mafuta yakichomoka kwa nguvu na gurudumu likaachia, shinikizo lilikuwa limefungiwa ndani: mpira wa breki umevimba kwa ndani au masta silinda, pampu kuu inayosukumwa na pedali, hairudishi. Gurudumu likibaki zito vilevile, kilichokwama ni pistoni au pini za kalipa.

Hizo pini ndizo zinazosahauliwa kuliko kitu chochote kwenye breki. Kalipa ya gari kama lako ina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili ili ivute pedi ya nje. Pini zikishika kutu, kalipa haitelezi. Ukifungua utaona kwa macho: pedi ya ndani imelika hadi chuma, ya nje bado nene kama kidole. Nimefungua kalipa ya gari la abiria ambalo pini yake ilibidi tuitoe kwa nyundo na mafuta ya kulainisha kutu, na tulipotoa upepo, mafuta ya breki yaliyopita kwenye mpira mweupe yalikuwa meusi kama kahawa ya kijiweni. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha pedi mara mbili mwaka ule, na pini hakuna aliyezigusa.

Tahadhari moja hapo, nami niliipata kwa kukosea. Nilipokuwa najifunza kazi nilipaka pini grisi ya kawaida, ile ya bearingi. Raba zake zilivimba, na baada ya miezi michache gari likarudi linavuta upande mmoja. Hakuna aliyeumia, ila sijasahau mpaka leo. Pini za kalipa zina grisi yake, ya silikoni, isiyodhuru raba. Fundi wako akikuambia grisi ni grisi, mkatalie.

Basi pesa yako ianzie hapa. Kalipa zote mbili za mbele zifunguliwe, pistoni na raba zikaguliwe, pini zisafishwe au zibadilishwe. Ngoma za nyuma zifunguliwe zitolewe vumbi, silinda zake zitazamwe kama zinavuja, na viatu vya breki virekebishwe viwe karibu na ngoma, kwa sababu nyuma ikilegea mbele inabeba kazi yote. Kisha mafuta yatolewe yote, uweke DOT 4 kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa mbele yako. Chupa iliyokaa wazi rafuni tangu mwaka jana imeshakunywa unyevu wake. DOT 4 inachanganyika na DOT 3 bila madhara, lakini usiguse DOT 5. Ni ya silikoni na haipatani nayo, ingawa namba inaonekana kubwa zaidi.

Pedi nazo, usinunue kwa boksi. Pedi nyingi zimechapwa herufi mbili ubavuni, kama EE, FF au GG. Ya kwanza inaeleza jinsi inavyokamata kwenye joto la kawaida, ya pili ikiwa ya moto sana. E ni ya chini, F ya kati, G ya juu. Kwa mteremko wako nataka F kuendelea, na herufi ya pili isiwe ndogo kuliko ya kwanza, maana hapo inakuambia kwamba ikipata moto haikutupi. Pedi isiyo na alama yoyote iache dukani.

Kutetemeka kwa usukani ni diski ambayo unene wake haulingani tena mzunguko mzima, na joto la kalipa iliyokwama ni sababu ya kutosha. Kwenye diski kumechorwa unene wa mwisho unaoruhusiwa. Tafuta maandishi MIN TH. Kati ya diski mpya na kikomo hicho mara nyingi kuna milimita 2 tu, kwa hiyo ipimwe kwa maikromita kabla ya mtu kusema ichongwe. Ikichongwa ikapita kikomo, inabeba joto kidogo kuliko mwanzo na unarudi pale pale. Ikiwa imefika, nunua mpya za saizi ileile, mbili kwa pamoja. Na nati za magurudumu zikazwe kwa mpangilio wa msalaba kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Toyota ndogo nyingi zinataka takribani Nm 103. Bunduki ya upepo ikikaza moja hadi mwisho kabla ya zingine, inaweza kupinda diski mpya siku ileile.

Diski kubwa zenye matundu sikushauri. Diski kubwa haikai kwenye kalipa yako bila mabano ya kutengenezwa, na mabano ya kuchomelea kwenye breki mimi siyafungi kwenye gari la mtu. Matundu yanapendeza, lakini kwa gari la mizigo ndiyo mahali nyufa zinapoanzia. Tena kalipa ikiwa imekwama, hata diski ya lori itaungua.

Rimu za inchi 17 zitakupa hasara kimyakimya. Chukua mfano wa tairi ya 195/65R15 yenye namba 91: 91 inamaanisha tairi moja inabeba kilo 615. Tairi ya 215/45R17 inayopatikana sana ina 87, yaani kilo 545. Umeongeza upana, ukapunguza uwezo wa kubeba kilo 70 kwa kila tairi, nawe unapakia kabichi. Baki na saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, jaza upepo kama kilivyoandikwa kwa gari lenye mzigo, na soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi (hizi hazihusiani na DOT ya mafuta). 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa limezeeka kuliko ulilovua.

Chipu iache kabisa. Injini yako haina turbo, na injini isiyo na turbo inaambulia kidogo sana kwa kuchezewa kompyuta. Pia ujue kwamba hewa ya juu ni nyepesi: kila mita 1,000 injini kama hiyo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu, na Lushoto iko kama mita 1,400. Hiyo ni haki yake, usiilaumu. Breki zikishaachia, kama bado ni nzito, angalia kichujio cha hewa, plagi, shinikizo la pampu ya petroli, na masega ya eksozi (yale ya kusafisha moshi) kama hayajaziba. Pima kompresheni ya silinda zote nne. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, huo ni ugonjwa wa injini, na chipu haiutibu.

Limebaki la mguu wako, ambalo halina gharama. Kabla hujaanza kushuka, zima OD (gia ya juu kabisa), weka gia 2, na penye mteremko mkali sana L, gia ya chini kabisa. Injini itapiga kelele na mshale wa mizunguko utapanda. Usiogope, mradi haugusi wekundu. Najua kuna madereva wanaweka frii ili kuokoa mafuta. Hawaokoi. Injini ya sindano kama 3S, ukiachia ekseleta ikiwa kwenye gia na mizunguko iko juu, inakata mafuta yenyewe, wakati kwenye frii inaendelea kuyanywa ili isizimike. Na anayezima kabisa anapoteza msaada wa sevo ya breki, ile inayolainisha pedali, baada ya kukanyaga mara mbili au tatu, na usukani unakuwa mgumu kama umefungwa.

Breki nazo usizibembeleze kwa kuzigusa mwendo mzima. Kama unataka kushuka kwa 40, acha gari lifike 40, kanyaga kwa uhakika mpaka 30, achia kabisa, gia ishikilie, rudia. Pale unapoachia ndipo diski inapumua. Ukisikia harufu, tafuta sehemu pana usimame, weka kabari ya jiwe badala ya kuvuta handbreki kwa nguvu kwenye ngoma za moto, na usimwagie maji. Chuma cha diski chenye moto ule kikipata maji ya baridi kinapasuka.

Jambo la mwisho la kupima, gari likiwa limepoa na limepaki: washa injini, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani, shikilia dakika nzima. Pedali ikizama polepole bila mafuta kuvuja popote, masta silinda imechoka, nayo iingie kwenye bajeti kabla ya kitu kingine. Ukishapiga jeki, niandikie ni gurudumu lipi lilikuwa zito, pedi ya ndani imebaki unene gani na ya nje unene gani, na mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi gani. Hapo nitakuambia kama ubadilishe raba tu au kalipa nzima.