Kabla hujaweka mbuzi wa kauri chini ya bonsai, chukua rula

Ukiweka kisanamu cha mnyama chini ya bonsai, yaani mti unaofugwa mdogo ndani ya chungu, umeshampa mtazamaji kipimo cha mti. Anzia hapo, kabla hujaangalia rangi wala bei.

Chukua mkwaju wangu, wenye kimo cha sentimita 40 hivi. Nikiweka mbuzi wa kauri wa sentimita 4, jicho linapiga hesabu lenyewe: mbuzi wa kweli hufika kama sentimita 70 mabegani, basi mti unaonekana wa mita 7, mkwaju mchanga wa nyuma ya nyumba. Nikimtoa na kuweka wa sentimita 2, mti uleule unapanda hadi mita 14, mkwaju mzee ambao kijiji kizima hukutania chini yake. Shina halijaguswa. Tembo naye ana hesabu yake. Kimo chake ni mita 3 hivi, kwa hiyo akiwa wa sentimita 3 chini ya mbuyu wa sentimita 40, mbuyu unageuka wa mita 40, na hakuna mbuyu unaofika huko. Hapo mtafute tembo wa sentimita 6. Visanamu vingi vya madukani vimetengenezwa kwa ajili ya rafu za sebuleni, ndiyo maana nasema nenda na rula.

Mnyama awe mmoja. Mama na mtoto wake nawakubali. Kundi zima linaumeza mti. Mweke pembeni, mbele kidogo ya shina, uso ukielekea mti, kwa sababu akitazama nje ya chungu macho ya mtu nayo yanatoka nje. Asikalie mizizi iliyojitokeza juu, maana hiyo ndiyo fahari ya bonsai.

Kuhusu rangi, mimi nawafuata Wachina, ambao wameweka visanamu kwenye penjing zao, mandhari ndogo za miti na mawe chunguni, tangu zamani. Mafundi wa Shiwan, katika mji wa Foshan, mkoa wa Guangdong, hufinyanga visanamu vya watu na kuacha nyuso na mikono bila glezi, ile ngozi ya kioo inayofunika kauri, udongo uliochomwa uonekane wenyewe. Chini ya majani, udongo wa namna hiyo unatulia kuliko kauri inayometameta. Wajapani kwa kawaida hukiweka kisanamu nje ya chungu, pembeni ya mti, na hukiita tenpai. Kwa maonyesho rasmi nakushauri ufuate wao.

Kukisimamisha ni kazi ndogo. Visanamu vilivyo wazi ndani huwa na tundu kwa chini. Ingiza humo kipande cha waya wa alumini, uleule tunaokunjia matawi, ukishike kwa gundi ya epoksi, kilale hadi asubuhi, kisha uchomeke kwenye udongo. Ukimwagilia, mbuzi hapinduki.

Kabla ya kununua, dondoshea tone la maji pale chini pasipo na glezi. Likinywewa papo hapo, udongo haukupata moto mkali, na kwa kumwagiliwa kila siku kisanamu kitaota ukijani na kutoa chumvi nyeupe. Bado kinafaa, ila utakisugua mara kwa mara kwa mswaki laini na siki iliyochanganywa na maji, mbali na chungu. Vilivyopakwa rangi ya kawaida baada ya kuchomwa viache dukani. Jua na maji huibabua rangi hiyo, na magamba yake yote huishia kwenye udongo wa mti wako.