Nahodha, ukitolewa, toka vizuri: somo la Marek Hamšík

Nafundisha vijana wa timu ya mtaa. Kila ninapomkabidhi mmoja wao kitambaa cha unahodha, humwambia akatafute mechi za Napoli, klabu ya Italia, ilipokuwa chini ya kocha Maurizio Sarri, kati ya 2015 na 2018, amwangalie mwenye jezi namba 17. Mabao atayaona tu. Ninachotaka akiangalie ni dakika ya sitini na kitu, kibao cha kubadilisha wachezaji kinapoinuliwa.

Marek Hamšík, mzaliwa wa Banská Bystrica huko Slovakia, alifika Napoli mwaka 2007 hata miaka 20 hajatimiza, klabu ikiwa ndiyo kwanza imerudi Serie A, ligi kuu ya Italia. Desemba 2017 alifunga bao lake la 116 akaipita rekodi ya mabao ya Diego Maradona klabuni hapo. Fikiria uzito wa jambo hilo katika jiji lile! Na bado mtu huyo huyo, nahodha, alikuwa akitolewa mara kwa mara ili kiungo mwenzake Piotr Zieliński aingie. Katika mechi nilizotazama sikumwona akipiga teke chupa wala kumnunia kocha.

Wachezaji wenzako wanakupima hapo. Kijana anayeingia kuchukua nafasi ya nahodha aliyenuna hucheza kwa woga. Akipoteza pasi moja, macho yake yanakimbilia benchi. Akiingia baada ya nahodha kumpigapiga begani na kumwambia "kamalize kazi", anacheza mpira wake. Nimeliona hili kwenye timu yetu, kwa vijana wenye vipaji vinavyolingana kabisa.

Halafu tazama upande wa kushoto, Hamšík akiwa na beki Faouzi Ghoulam na winga Lorenzo Insigne. Anachomoka bila mpira kuelekea kwenye boksi, anaondoka na kiungo wa wapinzani, na Insigne anabaki na nafasi ya kuingia ndani na kupiga kwa mguu wa kulia. Mbio hizo haziandikwi bao wala asisti. Lakini winga aliyefunguliwa njia anajua nani kamfungulia, na hasahau.

Alicheza mechi 520 Napoli kabla ya kwenda China mwaka 2019, na heshima haikuishia hapo. Francesco Calzona, aliyekuwa msaidizi wa Sarri enzi zile, alipewa kuifundisha timu ya taifa ya Slovakia mwaka 2022. Hamšík alipostaafu alijiunga na benchi lake la ufundi, na kwenye Euro 2024 Slovakia ikaifunga Ubelgiji 1-0.

Kwa hiyo kocha mwenzangu, kabla ya mechi mwambie nahodha wako wazi kwamba anaweza kutolewa, na mkubaliane kitambaa kitakwenda kwa nani. Akitolewa, amvalishe huyo mwenzake kwa mkono wake mwenyewe, kisha amsalimie anayeingia.