AVR Mbili na Laki Nne Zangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza iwapo risiva ya sauti na picha aliyoiona dukani, iliyoandikwa AVR, itaikinga televisheni yake umeme unapopanda na kushuka. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa kosa hilohilo lilinila shilingi laki nne.

Mwaka 2019 nilinunua Kariakoo risiva ya mtumba iliyotoka Marekani. Herufi AVR nilikuwa nimeziona kwenye stabilaiza ya jirani, yaani chombo cha kusawazisha volti, hivyo niliamini kwamba chombo changu kitajirekebishia umeme chenyewe, na shemeji aliponisihi nisome kwanza kibandiko cha nyuma nilimjibu kwamba mimi si mtoto. Kibandiko kilisema volti 120. Soketi zetu zinatoa 230. Nilichomeka, ikanguruma mara moja, ikatoa harufu ya vanishi inayoungua, ikazima. Fundi alinionyesha transfoma iliyokuwa nyeusi tii, wala hakunidai hata senti, na huruma yake iliniuma kuliko hela.

Herufi ni zilezile, kazi ni tofauti kabisa: kwenye risiva ni kifupi cha Kiingereza "audio/video receiver", kwenye stabilaiza ni "automatic voltage regulator". Risiva hupokea picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi au deki, ikaipeleka picha kwenye televisheni na kuikuza sauti kwa ajili ya spika. Stabilaiza haijui muziki: ndani yake mna transfoma yenye sehemu kadhaa za kutolea umeme, na ule mlio wa "tak" unaousikia umeme unapofifia ni rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, inayohamia sehemu nyingine ili volti zirudi karibu na 230. Kwa hiyo hata stabilaiza ya jirani isingeniokoa. Nilichohitaji ni transfoma ya kushusha volti hadi 120.

Ndugu zangu, someni kibandiko kabla ya kutoa pesa. Jumlisheni wati za televisheni, risiva na king'amuzi, kisha mchukue stabilaiza inayozidi hapo kwa nafasi ya kutosha, na friji msiichanganye humo, maana kompresa inapoanza huvuta umeme mwingi mno. Radi ikinguruma chomoeni kila kitu, pamoja na waya wa antena, kwa kuwa stabilaiza si kinga ya radi. Na someni kibandiko, narudia, hata kama anayewaambia ni shemeji.

Risiva yangu ya sasa ni ya volti 230 na inapiga muziki vizuri mno. Ile ya kwanza nimeiweka chini ya televisheni kama kigoda, na shemeji kila akija huuliza kama bado inarekebisha umeme.