Mate na ugonjwa wa fizi

SWALI: Fizi zangu hutoka damu nikipiga mswaki. Je, kupima mate kunatosha? – Msomaji, Kayole, Nairobi

JIBU: Hapana, ingawa kunasaidia. Maabara hutafuta bakteria kama Porphyromonas gingivalis, au kimeng'enya MMP-8 kinachoongezeka fizi zikivimba. Kwa saa moja kabla ya kipimo usile, usivute sigara wala kupiga mswaki. Mswaki huchubua fizi, na damu ikiingia kwenye mate huvuruga majibu. Suuza mdomo kwa maji, subiri dakika 10, inamisha kichwa, acha mate yachuruzike yenyewe kichupani. Usiteme makohozi, tafadhali!

Lakini hata wenye fizi nzima huweza kuwa na bakteria hao, na mate hayaonyeshi ni jino lipi limeathirika. Mwombe daktari wa meno apime kina cha nafasi kati ya jino na ufizi kwa kijiti chenye alama za milimita: 4 kwenda juu, penye damu, panahitaji matibabu.