Fonti nene za kubana: usizibane mwenyewe

Madogo mnaoanza grafiki, hasa nyie wa mabango ya fleksi na matangazo ya maduka, leo naongelea kitu kimoja tu, zile fonti nene zilizobanwa, yaani Impact, Anton, Bebas Neue, Oswald na ndugu zao. Mi nilizidharau mwanzoni, nikajua fonti yoyote ukiisukuma kidogo inakuwa ya kubana, kumbe sivyo, na nililipia kujua hilo.

Ilikuwa bango la sendoff. Jina la bibi harusi refu, nafasi ndogo, mi nikachukua Arial nene nikashika kile kidoti cha pembeni nikasukuma ndani mpaka jina likaenea. Kwenye kompyuta safi kabisa. Limetoka kwenye mashine, mita 3, miguu ya herufi imekonda halafu vile vipande vya kulala, kama vile vya E na T, vimebaki vinene vilevile, mama wa bibi harusi akaliangalia we, akaniuliza "mwanangu, haya maandishi yanaumwa?" Fleksi ya pili ilitoka mfukoni kwangu.

Iko hivi. Ukisukuma herufi kwa pembeni unapunguza kila kilichosimama, kilicholala hakiguswi, ndo maana inapinda sura. Aliyechora fonti ya kubana tangu mwanzo kapunguza uwazi wa ndani, mguu kauacha mnene. Angalia O ya Impact, haina uduara, pembeni imenyooka na tundu la katikati ni kaufa tu. Ile aliichora Mwingereza Geoffrey Lee mwaka 1965 kwa kiwanda cha Stephenson Blake, Sheffield, kilichotengeneza herufi za kuchapia za madini ya risasi, kwa ajili ya vichwa vya matangazo, na hata herufi zake ndogo zina mwili mrefu na shingo fupi ili mistari ikae karibu karibu. Microsoft wakaja kuisambaza bure kwenye kompyuta miaka ya 90, ndo ikaishia kwenye zile picha za vichekesho, maandishi meupe ukingo mweusi. Kwa hiyo ukiiweka kwenye bango la msiba watu watacheka, usiseme hukuambiwa.

Sasa sisi tunaoandika Kiswahili tunazihitaji hizi fonti kuliko Mwingereza. Yeye anaandika vijineno vifupi anavipanga kama matofali. Wewe umepewa WANAWAKARIBISHA, herufi 15, neno moja, huwezi kulikata katikati ukaweka kistari, bango litaonekana kama daftari la darasa la pili. Na ndani humo kuna W mbili, herufi pana kuliko zote.

Halafu kuna hiki kitu sijawahi kuona mtu anakifundisha: WA. Hesabu mabango ya mtaani kwako, WATEJA, WAZAZI, KWA, MKUTANO WA, kila mahali WA. W na A zote zina mgongo wa mshazari, zisiposogezwa zikaingiliana linabaki pengo katikati, na kwenye fonti ya kubana ambako herufi zingine zimeshikana kama abiria wa daladala saa 12 jioni, lile pengo linaonekana toka ng'ambo ya barabara. Fonti za bure za hovyo hovyo ndo zinafeli hapo. Mi nikipakua fonti mpya siandiki ABC, naandika WATEJA WA KWANZA TAYARI. Hapo una WA, AT, TA, AY vyote kwa pamoja. Ikichechemea, either naisogeza kwa mkono au naitupa. Jaribu na NG'OMBE pia, ule mkato wa juu unaacha shimo.

Kwa kuanzia chukua Anton au Oswald, zote kazi ya marehemu Vernon Adams, au Bebas Neue ya Mjapani Ryoichi Tsunekawa, ziko kwenye tovuti ya Google Fonts, leseni yake inakuruhusu kufanyia biashara bila kumlipa mtu. Ila Bebas Neue haina herufi ndogo! Ukiandika kg inatoka KG, na kuna wateja wa saruji na mbolea wanalijua hilo kuliko wewe.

Namba ya simu usiiweke humo ikiwa ndogo. 3, 6, 8 na 9 matundu yanazibika wino, mteja wa mteja wako anapiga kwa mtu mwingine kabisa. Namba weka fonti ya kawaida, nene kiasi, yenye hewa. Maelezo marefu vilevile, hizi ni za maneno matatu manne ya kumsimamisha mtu, basi.

Na ukipeleka kazi kwenye mashine ya watu geuza maandishi yawe mchoro kwanza, kwenye programu ya Corel ni Ctrl+Q, Illustrator ni Ctrl+Shift+O, maana kompyuta yao kama haina fonti yako inaweka yoyote inayojisikia. Ila kabla hujageuza, sevu kopi nyingine ambayo bado inaandikika, maana saa nne usiku mteja atapiga kukwambia ukumbi umebadilika.