Bunge lenye sehemu mbili si Bunge lenye mabaraza mawili

SWALI: Msomaji wetu wa Kirumba, Mwanza, ambaye ni mwalimu wa Uraia, anaeleza kuwa wanafunzi wake husikia redioni habari za "bunge la juu" na "bunge la chini", na wale wenye wazazi wanaouza dagaa sokoni Mwaloni huwasikia wateja wa kutoka Kenya wakitaja Bunge la Taifa na Seneti. Wanafunzi hao walipofika kwenye Ibara ya 62 ya Katiba ya Tanzania, isemayo kuwa Bunge lina sehemu mbili, wakahitimisha kuwa sisi pia tuna mabunge mawili. Anauliza istilahi ipi ni sahihi, na kama bunge la juu huliamuru lile la chini.

JIBU: Tuanze na Ibara hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyozua mkanganyiko. Sehemu mbili zinazotajwa humo ni Rais na Wabunge. Rais anahesabiwa kuwa sehemu ya Bunge kwa sababu muswada uliopitishwa na wabunge Dodoma hauwi sheria mpaka upate kibali chake. Wanaoketi kujadili ni chombo kimoja tu. Hata pale ambapo marekebisho ya baadhi ya mambo ya Muungano yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar, kura huhesabiwa kwa mafungu mawili ndani ya ukumbi uleule. Nalo Baraza la Wawakilishi la Zanzibar hutunga sheria kwa mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano. Muswada wa Dodoma haupelekwi huko kusubiri kura ya pili.

Kwa nchi zenye vyombo viwili vya kutunga sheria, ninapendekeza tuseme "Bunge lenye mabaraza mawili", neno Bunge likibaki kuwa jina la taasisi nzima. Wapo wanaoandika "nyumba mbili za Bunge", lakini kwa Kiswahili nyumba haijadili wala haipigi kura. Ni kweli kwamba baraza lina kazi nyingi, kwani Mwanza yenyewe ina Baraza la Madiwani la Jiji na Serikali ya Muungano ina Baraza la Mawaziri, lakini yote hayo ni vikao vya watu wanaoshauriana na kuamua, na ndiyo maana tunayoihitaji. Jina rasmi, hata hivyo, huachwa lilivyo: wenzetu wa Kenya wana Bunge la Taifa, na hatuna sababu ya kuwabadilishia.

Kuhusu "juu" na "chini", jibu ni hapana. Maneno hayo hayaoneshi nani bosi wa nani, na mwandishi makini atataja baraza kwa jina lake. Nchini Marekani, muswada wa kodi lazima uanzie katika Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435, yaani lile linaloitwa la chini, na hakuna muswada unaopelekwa kwa Rais kabla Seneti yenye maseneta 100 haijapitisha maneno yaleyale.

Mfano wa Kenya unafaa zaidi darasani. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, muswada wa fedha huanzia na kuishia katika Bunge la Taifa, ilhali Seneti inashiriki katika miswada inayogusa kaunti, na maspika wawili ndio wanaoamua kwanza iwapo muswada fulani unazigusa. Mabaraza yakitofautiana, huundwa kamati ya upatanishi yenye wajumbe sawa kutoka kila upande. Isipoafikiana ndani ya siku 30, muswada unaanguka. Mgawanyo huo unaonekana hata nje ya utungaji wa sheria: Oktoba 2024, Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, kisha Seneti ikasikiliza mashtaka na kuamua.

Hapo ndipo vichwa vya habari huteleza kila mara. Kuandika "Seneti yapitisha sheria" ni kosa, kwa sababu baraza moja hupitisha muswada, nao unaweza bado kurudishwa, kurekebishwa au kufa kabisa. Sheria hutungwa na Bunge, na kitenzi hicho kinafaa tu hatua zote zikikamilika. Tusichanganye pia kibali cha Rais na kuridhia, neno ambalo bungeni kwetu limezoeleka kwa mikataba ya kimataifa.

Upatanisho wa kisarufi hauna utata: Bunge limepitisha, Seneti imepitisha, mabaraza yote mawili yamepitisha. Tanzania huandika muswada na Kenya mswada. Yote ni sahihi, na wingi wake ni miswada pande zote mbili za mpaka.